Tulipobadili Simu

Mazungumzo na wanakisomo

Mmetuona na simu mpya ya kioo, mkatuomba tueleze habari zake. Haya, tutaeleza yote, hata pale tulipokosea.

Kwa miaka saba tulitumia simu ya vitufe, ile mnayoiita kitochi. Ukiichaji Jumatatu, Alhamisi bado inaita. Mwezi uliopita kitufe cha 5 kiligoma kabisa. Tukaenda gulioni, tukanunua simu janja.

Fundi alitoa laini yetu. Ilikuwa kubwa, akaikata, akaitia katika simu mpya. Tukaangalia salio la M-Pesa, fedha zote zipo. Hapo wengi wenu mnaogopa bure. Fedha hazikai ndani ya simu. Hesabu yake inatunzwa na kampuni, kwa namba yako. Hata simu ikizama mtoni, unakwenda na kitambulisho, unaweka alama ya kidole, unarudishiwa laini yenye namba ile ile.

Fundi akatuomba namba ya siri, eti aijaribu simu. Tukakataa. Hiyo haombwi mtu, hata na fundi.

Lakini majina sasa! Tulipoyafungua tukakuta watu 12 tu. Dada yetu aliyeko Tabora hayumo. Kumbe majina mengine tuliyaweka kwenye simu, siyo kwenye laini. Na kitochi tulikwisha kumwachia fundi, akatupunguzia bei. Tuliporudi gulio lililofuata, amekwisha kukifuta na kukiuza.

Dada alikuwa anauguza mtoto hospitali. Naye alikuwa akitumia simu ya jirani, kwa hiyo hakupiga. Siku nne hatukujua kama mtoto ni mzima. Usingizi haukuja.

Siku ya tano mama yetu akauliza, mbona mmenuna? Tukamwambia. Akaingia ndani, akatoka na daftari lake la kisomo. Namba ya dada imo, kwa penseli, tarakimu kubwa kubwa, ile 7 imegeukia upande wa pili. Ndugu zangu, tulipomwona akiandika namba zile mwaka juzi, sisi tulimcheka. Tulisema, ya nini mama, si zimo kwenye simu? Tukapiga. Mtoto alikwisha kuruhusiwa.

Basi kabla hujaiachia simu ya zamani, fungua jina moja moja, lihamishie kwenye laini. Laini nyingi hubeba majina kama 250. Kisha yaandike.

Simu yenyewe ni nzuri, hatuikatai. Tumeiweka kwa Kiswahili, na picha ya mtoto tumeiona. Ila chaji haimalizi siku mbili, na kidole kilichoshika jembe tangu asubuhi kioo hakikisikii. Kinawe kwanza, ukikaushe.

Alhamisi njooni na simu zenu, za vitufe na za kioo, pamoja na daftari na penseli. Tutaanza na namba za watu wa nyumbani. Mama yetu naye atakuja, ile 7 tutaigeuza pamoja.