Mishale ya Rangi Tatu



Katika mwambao wetu wa Kismayu na visiwa vya Wabajuni, Kudhaa kikiwamo, bendera ya Italia ilipandishwa mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia Jubaland. Leo twazungumzia marubani wanaoichora bendera hiyo angani kwa moshi wa kijani, mweupe na mwekundu. Kikosi chao huitwa Frecce Tricolori, maana yake Mishale ya Rangi Tatu.

Sanaa ya kurusha ndege nyingi kwa pamoja ilianza kufundishwa Campoformido, karibu na Udine, mwaka 1930, chini ya Rino Corso Fougier. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vikosi mbalimbali vya anga vilipokezana kazi hiyo. Mwaka 1961 kikaundwa kikosi kimoja cha kudumu huko Rivolto, na kamanda wake wa kwanza akawa Mario Squarcina. Kilianza na ndege za Sabre. Kikachukua za Fiat G.91 mwaka 1964, na za MB-339 mwaka 1982.

Ndege ni 10: tisa huruka katika safu, na ya kumi hucheza peke yake. Kila rubani ana nafasi yake, naye hamwachii jicho kiongozi, kama mashua zinazomfuata nahodha mmoja kupita mlango wa mwamba. Kamanda mwenyewe husimama chini na redio, akiwaangalia na kuwasahihisha.

Hata hivyo, tarehe 28 Agosti 1988, katika kituo cha Wamarekani cha Ramstein, Ujerumani Magharibi, msiba ulitokea. Makundi mawili ya ndege yalikuwa yakipishana kuchora umbo la moyo, na rubani wa pekee, Ivo Nutarelli, alipaswa kupita katikati akiwaelekea watazamaji. Alifika mapema mno, na chini mno. Akaigonga ndege ya kiongozi, Mario Naldini. Ya Giorgio Alessio nayo ikaanguka. Moto ukawafikia watazamaji. Watu 70 walikufa, wakiwamo marubani hao watatu.

Nutarelli hakuwa mwanagenzi. Alikuwa rubani hodari. Lakini mchezo wenyewe ulipangwa hivi kwamba kosa la mtu mmoja, la nukta chache tu, liwaangukie raia. Na walipohitaji kuokolewa, ikaonekana kwamba Wamarekani na Wajerumani hawakuwa wamejiandaa kufanya kazi pamoja. Hata vifaa vyao vya kutilia dawa mishipani havikulingana.

Baada ya hapo kanuni zilikazwa: watazamaji wakawekwa mbali zaidi, na ndege zikakatazwa kucheza kwa kuwaelekea. Kikosi hakikuvunjwa, kiliendelea kuruka chini ya masharti hayo.

Ndugu askari, funzo hili si la marubani peke yao. Anayepanga gwaride, anayelenga shabaha karibu na kijiji, anayeendesha gari la doria sokoni, ajiulize kwanza: nikikosea, atakayeumia ni nani? Ikiwa ni raia, basi mpango ubadilishwe kabla ya amri kutolewa. Makofi ya watazamaji hayana thamani kuliko uhai wao. Ustadi wa askari ni amana, na mwenye amana hiyo ni raia.