LUGHA GANI KIJANA WETU AONGEZE?

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na vijana msikitini, Sigi, baada ya Swala ya Isha)

 

Ndugu zetu, wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa jamaa hii alitungoja mlangoni baada ya Swala ya Ijumaa. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, na mzee ameambiwa kwamba mwenye kujua Kichina hakosi kazi. Akataka kujua kwetu: auze ng'ombe wake ampeleke kijana Dar es Salaam akasome Kichina, au ni bora Kijerumani? Hatukumjibu papo hapo, kwani suala lake ni la wengi, na ng'ombe wa mtu si jambo la kufanyia mzaha.

Kwanza tufahamu kwamba kijana huyu haanzi na mikono mitupu. Nyumbani anasema Kisambaa, sokoni Kiswahili, shuleni amesoma Kiingereza na madrasa Kiarabu. Anayoitafuta ni ya tano! Wala kujifunza lugha kwa ajili ya kazi si jambo geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua, na imepokewa kwamba aliyamudu katika muda wa nusu mwezi. Tuzingatie hapo: Zaid hakujifunza kwa kuwa lugha ile ilikuwa na sifa mjini. Alijifunza kwa kuwa barua zilikuwepo na msomaji hakuwepo. Basi nasi tuulize, barua ziko wapi?

Kijerumani si kigeni hapa. Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, na reli ndogo kutoka Tengeni ikaishia hapa Sigi. Reli haipo tena, na nyumba ya mkuu wa stesheni ndiyo leo kituo cha habari cha Hifadhi ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuja Mwingereza, na mzee aliyekwisha kujifunza maneno ya bwana wa kwanza alilazimika kuanza upya. Hata hivyo lugha ile imerudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika nchi hii ya Tanga na Usambara ua dogo la zambarau, akapeleka mbegu kwao. Mpaka leo Wajerumani hulipanda katika vyungu madirishani na huliita Usambaraveilchen. Yaani bibi wa Berlin asiyejua Muheza iko wapi, jina la Usambara analo ndani ya nyumba yake! Mwongoza watalii awezaye kumsimulia mgeni huyo habari za ua lake kwa lugha yake, na kumtajia miti kwa majina ya Kisambaa, ana bidhaa ambayo aliyesoma mjini hana.

Ama habari za uuguzi Ujerumani, ni kweli kwamba nchi ile ililegeza sheria ya kupokea wafanyakazi wenye ujuzi mwezi Machi 2020. Lakini muuguzi hudaiwa lugha hadi daraja la B2, la nne kati ya sita, na kabla ya hapo hudaiwa awe muuguzi. Kijana wetu hajasomea uuguzi.

Kichina nacho si uvumi mtupu. Tangu mwaka 2013 kinafundishwa na taasisi za Confucius katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, na wafanyabiashara wa Kariakoo huenda Guangzhou na Yiwu kufuata mali. Mwenye mjomba katika biashara hiyo na asome. Asiye naye, akirudi Sigi na cheti chake atazungumza na nani?

Na Kifaransa je? Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini sokoni Goma na Lubumbashi Kiswahili chatosha. Kifaransa huanzia penye karatasi. Kinamfaa atakaye kazi ya wakala wa forodha bandarini.

Sasa tuje kwenye Kiarabu, na hapa yatupasa tujiseme wenyewe. Tulipofika Khartoum kwa masomo tulijua i'rabu ya kila neno, lakini dukani tukashindwa kununua mkate. Vitabuni tulisoma kwamba iliki ni haal. Wasudani wakatuambia habbahan. Jamaa wa Ghuba huiita hel. Ni iliki hii hii ya mlimani kwetu, ambayo Waarabu huitia katika kahawa, na sisi twaiuza kwa dalali kwa kuwa hatuna wa kuzungumza na mnunuzi. Uchungu zaidi ni mabinti zetu wanaokwenda Oman na Saudia kwa kazi za ndani. Wamehitimu kwetu, wanasoma Msahafu vizuri, kisha wanawekewa mkataba mbele yao na kutia sahihi wasilolijua! Kosa si lao. Ni letu sisi walimu, tuliofundisha kusoma tukaacha kusema na kuandika. Tena Kiarabu ni somo la Baraza la Mitihani katika kidato cha nne, na vijana wetu wengi waliokaa madrasa miaka minane hawana hata alama yake kwenye cheti.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzee ni hili: ng'ombe asiuzwe sasa. Kijana afuatane na waongoza watalii kwa miezi mitatu, asikie wageni wanasema nini na aone kama ulimi wake unapenda. Akiona Kijerumani kinamfaa, hapo tutazungumza habari ya ada. Wakati huo huo aje kwetu amalizie Kiarabu alichokifikisha nusu ya njia.

Darasa la mazungumzo litaanza Alhamisi ijayo baada ya Alasiri, In shaa Allah. La mabinti ni Jumamosi asubuhi. Mwenye mkataba wa kazi nyumbani, uwe wake au wa nduguye, aje nao tuusome pamoja.