LINDO LA MTO RWIZI

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaagiza, katika malengo yake ya kitaifa, kwamba maliasili zitumiwe kwa namna itakayotosheleza mahitaji ya kizazi cha leo na ya vizazi vijavyo. Mwaka 2021 nchi ikapata Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi. Maandishi yapo, kilichobaki ni utekelezaji, na hapo ndipo majeshi ya ulinzi na polisi wanapohusika.

Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita mjini Mbarara, kisha huteremka kuelekea maziwa ya Mburo na Nakivale. Kando ya Ziwa Nakivale yapo makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958, na kijiji cha Kashojwa ni sehemu yake. Maji ya kunywa ya makazi hayo hutegemea ziwa hilo. Kwa hiyo linalotendwa leo juu ya mto ndilo litakaloamua mtoto wa Kashojwa atakunywa nini kesho, awe mwenyeji au mgeni. Mto hauulizi kitambulisho.

Ardhioevu ni ghala la maji: hupokea mvua kubwa na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ghala hilo linabomolewa. Mwaka 1994 ardhioevu ilikuwa asilimia 15.6 ya eneo la Uganda; mwaka 2008 ilikuwa imebaki asilimia 10.9. Kadiri mvua zinavyozidi kutotabirika, ndivyo hasara hiyo inavyozidi kuwa nzito.

Wapo wasemao kwamba mwenye njaa leo hawezi kungojea kesho. Hoja hiyo haina budi kuheshimiwa. Lakini haki inadai kwamba sheria isiwe kali kwa mama aliyebeba mzigo wa kuni na laini kwa tajiri aliyelima hadi ukingoni mwa mto. Sheria yenye macho mawili hailindi mto, wala haiaminiwi na wananchi.

Kila askari anajua kwamba lindo hukabidhiwa kamili, kama lilivyopokelewa. Zamu ya kizazi hiki itakwisha. Watakaopokea lindo hilo wamekwisha kuzaliwa, na wengine wao wanateka maji Kashojwa asubuhi hii.