Sinema za Mapigano Zitokazo Uani

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mafiga, Morogoro)



Nimeombwa niseme machache juu ya sinema kwa kuwa mbele yetu iko hoja ya vijana wa kidato cha tatu. Wanaomba sehemu ya michango yetu inunue kamera, wawapige picha wenzao wa karate na wale wa mbio za kupanda Morningside. Baadhi ya wakubwa wenzangu wameiita hoja hiyo anasa. Mimi naiunga mkono, ila nina sharti moja.

Sisi wenye mvi tulizoea kuona sinema ni kazi ya serikali. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikawa mali ya umma, na siku hizi haipo tena. Basi tutazame kwa jirani zetu Uganda. Huko Wakaliga, mtaa wa wanyonge mjini Kampala, Ndugu Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali, alianzisha kampuni yake mwaka 2005. Aliiita Ramon Film Productions, jina aliloliunga kutoka majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica.

Utotoni Nabwana hakuingia ukumbi wa sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda, akirudi anamsimulia ngumi kwa ngumi. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ilitoka mwaka 2010, ikiwa imegharimu fedha zisizofika dola 200 za Kimarekani. Kompyuta aliziunda mwenyewe kwa vipuri vilivyotupwa. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu na fundi wao, Dauda Bisaso. Helikopta inayoshambulia Kampala ilichorwa kwenye kompyuta, na hata mtoto ataitambua kuwa ni mchoro. Watu wakacheka na bado wakaipenda.

Mateke, hata hivyo, ni ya watu waliofanya mazoezi. Waigizaji ni majirani, na aliyewafundisha kung fu ni mwenzao ajulikanaye kwa jina la Bruce U. Vijana wa karate, hapo msikilize vizuri: kamera haimfundishi mtu kuanguka. Hata damu ina hesabu yake. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, mwigizaji mmoja akaugua, wakahamia rangi ya chakula.

Mshahara haukuwepo. Filamu ikiisha, waigizaji wenyewe walibeba diski wakaziuza nyumba hadi nyumba, wakagawana kilichopatikana, tena mbio mbio kabla wezi hawajazinakili. Na juu ya picha aliwekwa msimulizi, VJ Emmie, anayetania na kushangilia kama mtangazaji wa mpira. Sisi Watanzania kazi hiyo tunaijua. Nani humu hajamsikia Lufufu?

Sasa sharti langu. Nabwana alipotaka kutengeneza filamu nyingine, kompyuta yake ilikuwa imejaa. Akaifuta Captain Alex ili apate nafasi. Kilichosalia ni nakala iliyokwisha kutiwa sauti ya Emmie. Filamu hiyo imetazamwa na mamilioni duniani, na nyingine ya kampuni hiyo, Crazy World, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2019. Lakini Captain Alex kama ilivyotoka mkononi mwa mtengenezaji, bila maneno ya msimulizi, haipatikani tena. Simlaumu. Aliyefyatua matofali ili anunue kompyuta hana anasa ya kuweka akiba ya kila kitu.

Sisi tunayo nafasi hiyo. Tuko Mafiga, ndugu zangu. Chungu hakikai juu ya figa moja, na kazi ya vijana hawa isikae juu ya diski moja. Kwa hiyo naomba hoja irekebishwe: kamera iwe ya bei ya chini kuliko ile iliyoorodheshwa, na fedha itakayobaki inunue diski mbili za kuhifadhia. Moja ikae ofisini kwa Mkuu wa Shule, nyingine kwa Mweka Hazina wa chama chetu kule mjini. Na kabla ya kufuta chochote, vijana wawaulize hao wawili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja ipigiwe kura.