Funzo la Kigali: Adui Asiyetoa Sauti



Tangu mwaka 2016, jirani zetu wa Rwanda wamekuwa wakizifunga baadhi ya barabara za Kigali kwa magari katika Jumapili maalumu, ili wananchi wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli. Hapo hapo, wahudumu wa afya huwapima shinikizo la damu bila malipo.

Jambo hilo la pili ndilo lenye funzo kubwa kwetu. Askari aliyezoea gwaride huamini kwamba mwili wenye nguvu hauna ugonjwa. Na wapo wanaokwepa kipimo wasije wakaondolewa zamu. Lakini shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mwenye nalo hulala na kuamka salama, huku moyo, figo na ubongo vikiharibika, mpaka siku ya kiharusi. Kipimo ndicho kimfichuacho adui huyo. Kikifikia 140 kwa 90, na kikarudiwa siku nyingine kikabaki hivyo, tiba yapasa kuanza.

Mazoezi, kuacha sigara, kupunguza pombe, na chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku hushusha shinikizo. Aliyeandikiwa vidonge avimeze kila siku, hata akijisikia mzima. Mlinzi haachi lindo kwa kuwa usiku umekuwa kimya. Vivyo hivyo, mgonjwa asiache dawa pasipo idhini ya daktari.

Ndugu askari, kapimwe ungali mzima.