Eko ya moyo: picha isiyotumia mionzi
Eko ya moyo, iliyoanzia Lund, Uswidi, mwaka 1953, huuonyesha moyo ukiwa kazini kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Jeli hupakwa kifuani, kifaa hutelezeshwa kati ya mbavu, na kwenye skrini vali huonekana zikifunguka na kujifunga. Umuhimu wake uko wapi? Miguu kuvimba na kuishiwa pumzi vina vyanzo vingi. Eko hutofautisha vali iliyokakamaa kwa homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanzia kwenye koo la mtoto, na misuli iliyochoka kusukuma damu. Kwa upande mwingine, haionyeshi vizuri mishipa midogo ya moyo iliyoziba, na bila msomaji hodari picha hubaki vivuli tu. Mashine za mkononi zimeshapatikana. Je, wataalamu wa kuzisoma watafika lini wilayani?