Maquis mbili: ni ipi itampokea mtoto wako?

Hotuba kwa wakimbizi wa ndani na viongozi wa mitaa, Butembo, baada ya kutazama filamu «Examen d'État»



Filamu tuliyotazama imetengenezwa na Mkongomani mwenzetu, Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani. Ilitoka mwaka 2014. Inaonyesha wanafunzi wa mji huo wanaofukuzwa darasani kwa kukosa pesa za walimu, huku mtihani wa taifa unakaribia. Mmoja wao anabeba mizigo sokoni. Basi wanakusanyika katika nyumba moja na kujifunza pamoja. Nyumba hiyo wanaiita maquis.

Wazazi, neno hilo mnalijua. Huku kwetu maquis ni porini, kwa wenye silaha. Ndiyo sababu tumeileta filamu hii. Mtoto aliyefukuzwa shuleni hakai peke yake, atatafuta wenzake. Swali ni maquis ipi itampokea kwanza: ya daftari au ya bunduki?

Hali yetu tunaifahamu. Tangu mauaji yaliyoanza Beni Oktoba 2014, familia nyingi zimeacha mashamba. Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa na M23, wengine walikimbilia Lubero na Butembo. Mzazi aliyelipa shule kwa mavuno ya kahawa, kakao au maharagwe, leo anaishi katika parseli ya wenyewe. Masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipiwa. Hapo ndipo kijana wa miaka 15 anabaki barabarani. Mchana anasukuma chukudu, jioni yuko kwenye nganda. Anayemwita porini hamuulizi pesa za shule. Anamwahidi chakula, heshima na kisasi cha ndugu zake waliouawa.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi lolote lenye silaha, hata kundi linalosema linatulinda. Lakini sheria haiwezi kukaa na mtoto saa tisa mchana. Mtu mzima ndiye anayeweza.

Vijana wa Kisangani walijipanga wenyewe, na hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo bidii peke yake haitoshi. Filamu haifichi kwamba wengine walitafuta njia za mkato. Kijana anahitaji mkubwa wa kumsikiliza, kumsahihisha, na kuuliza yuko wapi asipoonekana.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalodai pesa nyingi.

Kwanza, chumba: kanisa, msikiti au darasa lililo wazi, saa mbili, mara tatu kwa wiki, kabla ya giza ili wasichana pia wafike na kurudi salama.

Pili, mlezi: kati yenu kuna walimu waliohama na vijana wenye diploma wasio na kazi. Mmoja awe na watoto kumi, si zaidi.

Tatu, watoto wa wenyeji na wa wakimbizi wakae benchi moja. Tukiwatenga leo, kesho tutawapatanisha kwa shida.

Nne, mtoto akikosa mara mbili, mlezi aende kwao siku hiyohiyo. Orodha ya majina ibaki mikononi mwake, isitundikwe mlangoni, maana tunajua nani wengine wanatafuta vijana.

Kabla hatujaachana, kila kamati itaje mbele ya wote chumba chake, na nani atakaa na watoto. Tuanze wiki hii.